Nyota iliyopewa majina na wapita njia

Ndugu zangu vijana, umeme ukikatika hapa Buyenzi mwezi wa 11, na mawingu yakifunguka kidogo, tokeni nje saa tatu usiku. Milima ya Uvira iwe mkono wa kuume, muangalie kusini, kule ziwa linakoelekea Rumonge. Mtaona nyota mbili kali: Fomalhaut juu, Achernar chini. Katikati yao kuna moja ya rangi ya chungwa, haiwaki sana. Ndiyo Ankaa.

Ni nyota mzee. Haidrojeni ya kiini chake imekwisha, basi imevimba hadi kupita upana wa Jua letu zaidi ya mara 10. Uso ukapoa, ndiyo maana ni chungwa.

Waarabu wa kale waliihesabu kwenye kundi la mashua. Mwaka 1595 meli za Waholanzi zilitoka kwao kwenda Java, zikatia nanga Madagaska. Rubani wao, Pieter Dirkszoon Keyser, alipima nyota za kusini pamoja na Frederick de Houtman. Keyser alikufa 1596, hakurudi kwao. Lakini hesabu zilifika, na mwaka 1598 Petrus Plancius akazichora kwenye tufe. Mashua ikawa Feniksi, ndege wa hadithi anayeungua na kuzaliwa tena majivuni. Jina Ankaa, ndege wa hadithi za Kiarabu, lilikuja karne ya 20, wanaastronomia wakalipitisha rasmi 2016.

Nyota yenyewe nani aliiuliza? Mimi naielewa. Tulipovuka mpaka, karani mmoja aliandika jina langu alivyolisikia yeye. Hadi leo nikiitwa kwenye foleni, nachelewa kuitika, nadhani wanamwita mwingine.

Mwanga wa Ankaa unasafiri kama miaka 85 kutufikia. Huu tunaouona sasa ulianza safari karibu 1940, nchi hii ikiwa chini ya Wabelgiji na mji ukiitwa Usumbura. Uhuru ulikuja 1962, na mji ukawa Bujumbura.

Kumbe jina lililoandikwa linaweza kuandikwa upya. Nyota haina mdomo wa kudai, sisi tunao. Jumatatu narudi na cheti changu cha ubatizo, waandike vizuri. Na wewe kama lako lilikosewa, njoo tusindikizane.