Ushuru wa mazingira kwa magari makuukuu Uganda

Ushuru wa mazingira ni tozo inayolipwa forodhani kwa gari lililotumika linapoingizwa Uganda. Hukusanywa na Mamlaka ya Mapato (URA).

Sheria ya Usalama Barabarani ilirekebishwa mwaka 2018. Ilipiga marufuku kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, ukihesabiwa tangu gari lilipotengenezwa. Yaliyofikisha miaka 9 yalitozwa asilimia 50 ya thamani ya CIF, na ya mizigo asilimia 20. Kenya kikomo ni miaka 8, hivyo gari linalokataliwa Kenya huweza kupita Mombasa kama mzigo wa Uganda.

Mjadala uliopo ni nani hasa alipe. Tozo hii hulipwa mara moja tu, mpakani. Teksi au lori lililosajiliwa zamani hupita barabara ya Kira, Kamwokya, kila siku likitoa moshi bila kulipa zaidi, na wachuuzi wa kando ya barabara huuvuta. London hufanya kinyume: tangu 2019 gari chafu hulipa pauni 12.50 kwa kila siku linapoingia eneo la ULEZ.

Wanaopinga wanasema wenye kipato kidogo hawamudu magari mapya, na gharama humrudia abiria na mwenye mzigo.

Kabla ya kununua gari, msafirishaji ahakikishe mwaka wa kutengenezwa na aulize URA viwango vya sasa, kwani hubadilishwa katika bajeti.