Harmoniki

Gusa uzi mmoja wa udi. Sikio husikia sauti moja, lakini ndani yake zimo nyingine nyembamba, zenye kasi mara mbili, mara tatu, mara nne ya ile ya msingi. Hizo ndizo harmoniki, neno lenye asili ya Kigiriki, na ndizo zinazoufanya udi usisikike kama zumari.

Mafundi umeme waliliazima neno, lakini utamu ukabaki kwa wanamuziki. Umeme wetu hupiga mawimbi 50 kwa sekunde. Taa za LED, chaja za simu na kompyuta hazinywi wimbi hilo taratibu. Huudonoa umeme vipande vipande, na hapo huzaliwa mawimbi ya 150, 250, 350. Lile la 150 lina madhara ya pekee. Kwenye waya wa nyutro, mikondo ya msingi ya fezi tatu ikilingana hufutana, lakini mikondo ya wimbi hili hujumlishana. Waya uliodhaniwa hauna mzigo huchemka, na transfoma nayo hupata joto lisilofanya kazi yoyote.

Harmoniki hizi za umeme mimi ningeziita mawimbi dandizi, kwa kitenzi kudandia, maana yamening'inia kwenye wimbi mama. Dawa yake tayari ina jina la jikoni: chujio. Koili na kapasita zikipangwa kufuata kasi ya wimbi lisilotakiwa, hulipatia njia ya mkato, lisisambae kwenye laini ya mtaa. Jina hilo lisiguswe. Kila anayechuja tui analielewa.