Meli Iliyotoka Kilindini Ikakosa Kufika

Wasee wa Malindi na Kilifi, hebu tuongee. Nguzo ya Vasco da Gama kila mtu ana picha yake pale, na mwaka 1498 tunaujua kama namba ya simu. Sasa nitajie meli moja tu iliyotoka Kilindini mwaka 1944. Kimya, si ndio?

Vita vya Pili vya Dunia vilitufikia mlangoni. Tarehe 24 Oktoba 1940 ndege za Italia ziliangusha mabomu Malindi, mji uleule ambao leo unauza piza kwa Kiitaliano. Lakini kuna kitu kingine kilichotugusa ambacho hakipigi kelele kama bomu: amri za meli.

Wakati wa vita, serikali ya Uingereza ilizitwaa meli za biashara. Kuanzia Mei 1941 kazi hiyo ikawa ya Wizara ya Usafirishaji wa Vita, huko London. Meli ilibaki na mwenyewe, kampuni yenye uzoefu ikapewa kuiendesha, lakini iende wapi na ibebe nini, hayo aliamua mtu wa wizara. Japani ilipoiteka Burma mwaka 1942, mchele wa huko ukakatika, na nafasi ndani ya meli ikawa ya kugombaniwa: askari, silaha au chakula?

Mimi sisemi mpango wenyewe ulikuwa mbaya. Kila tajiri angeachiwa meli yake, angekimbilia mzigo unaolipa zaidi, na vita vingeshindwa. Ila ukishika usukani, na lawama ni yako pia.

Hapo ndipo inaingia Khedive Ismail. Ilikuwa meli ya abiria ya kampuni ya Misri, ikatwaliwa na Waingereza, na British India ikapewa kuiendesha. Mwanzoni mwa Februari 1944 iliondoka Mombasa kuelekea Colombo, ikiwa na watu 1,511. Zaidi ya 900 walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Kulikuwa pia na wauguzi na wanawake wengine wa jeshi.

Msafara ulikuwa na meli tano zilizojaa watu. Ulinzi? Manowari tatu tu, na kubwa kati ya hizo, Hawkins, haikuundwa kuwinda nyambizi. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 ilipiga. Khedive Ismail ilizama kwa dakika chache, hata tatu hazikufika vizuri.

Halafu likaja jambo ambalo hata kuandika ni kazi. Nyambizi ilijificha chini ya watu waliokuwa wanaelea. Manowari zikaangusha mabomu ya kulipukia majini palepale, kwa sababu meli nne zingine bado zilikuwa hatarini. Baadhi ya walionusurika torpedo waliuawa na mabomu ya wenzao. Mwishowe I-27 ilizamishwa, lakini watu 1,297 walikuwa wamekufa. Waliopona ni wanaume 208 na wanawake 6.

Wengi humlaumu nahodha aliyeangusha mabomu. Mimi naona yeye alikuwa amebakiwa na njia mbili, zote mbaya. Uamuzi wa kuulizwa ulifanywa mapema, ofisini, na waliopanga watu wengi hivyo wapite bahari yenye nyambizi na ulinzi mdogo hivyo. Mwenye meli alikuwa na mkataba. Mpiga mizinga alikuwa na amri tu.

Askari hao wanakumbukwa Nairobi, kwenye makaburi ya vita, barabara ya Ngong. Ukiwa huko, pita usome majina. Na kama nyumbani kwenu kuna mzee anayesimulia kuhusu ndugu aliyeenda "vita vya Burma" asirudi, mrekodi leo. Muulize alipanda meli gani.