Nani alijaribu hiyo kodi kwenye mashini?

Wandugu, siku hizi mtu anaweza kuomba akili bandia, ile tunaita IA, imwandikie kitabu kizima cha kufundisha namna ya kutengeneza michezo ya konsoli za zamani. Mimi ni mtu wa kilimo, lakini hizo konsoli nazipenda sana. Swali langu: ujuzi ulio ndani ya kitabu cha namna hiyo ulitoka wapi?

Tuchukue Atari 2600, ya mwaka 1977. Ilikuwa na baiti 128 tu za memoari, hakuna nafasi ya kutunza picha. Mwenye kuandika programu alipaswa kuichora mstari kwa mstari, wakati uleule televisheni inauonyesha, na kwa kila mstari prosesa ilimpa mizunguko 76 tu. Ukichelewa kidogo, picha inaharibika mbele ya macho yako. Mwaka 1979 Steve Wright aliandika mwongozo wa hiyo mashini.

Nintendo ni hadithi ingine. Famicom ilitoka Japani mwaka 1983, na siri zake zilikuwa za makampuni yenye mkataba. Miaka ya 1990 wapenzi wa michezo walianza kuipima wenyewe: wanaandika programu ndogo, wanawasha, wanaangalia, wanaandika walichoona. Bila malipo! Noti zao zikakaa bure kwenye intaneti, na ni kwa maandishi ya namna hiyo IA inajifunza.

Sasa, angalieni hii. Prosesa ya Famicom ni ya ukoo wa 6502, iliyotolewa na MOS Technology mwaka 1975. Kwa 6502, amri SED inawasha hesabu ya makumi: 09 ukiongeza 01, memoari inaandika 10. Inafaa sana kwa kuonyesha pointi za mchezaji. Kwenye Commodore 64 inafanya kazi, kwenye Atari 2600 pia. Kwenye Famicom prosesa inapokea amri, hailalamiki, halafu inakupa 0A. Hiyo hesabu ilizimwa ndani yake.

Niliomba IA moja sura juu ya pointi za Famicom. Ikaweka SED, na maelezo safi kabisa, Kifaransa cha profesa. Si ajabu, juu maandishi mengi ya 6502 yanasema hivyo, lakini kwa mashini zingine.

Sisemi tuiache. Kupanga sura, kufafanua kwa lugha nyepesi, iko na nguvu. Lakini mwenye kuweka jina lake kwenye jalada awashe mashini, na chini ya kila kodi aandike aliijaribu wapi. Siye wa kilimo hatuwezi kumpimia mkulima mbolea bila kuona udongo wake.

Juu anayelipa ni mwanafunzi. Amenunua kitabu kwa pesa ya transpoti, kodi inakataa, na wiki nzima anatafuta kosa kwenye akili yake mwenyewe.