Jitu la mawe la Mombasa

Wamarekani wakijenga ndovu, dunia nzima inajua. Lucy wa Margate, New Jersey, wa mbao na mabati, amesimama karibu na ufuo tangu 1881 na watu bado wanalipa kuingia tumboni mwake. Poa. Lakini sisi tuna jitu la mawe Mombasa, lina miaka zaidi ya 400, na wengi wetu tukifika pale ni picha mbili tatu, tumetoka.

Cheki Fort Jesus kutoka juu. Ni mtu amelala chali, kichwa kimeelekea baharini, mikono na miguu ameitanua. Mchoro ni wa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, aliyefanyia kazi Wareno, na ujenzi ulianza 1593. Hayo mabega yaliyochomoza si urembo tu: askari akisimama hapo anaona ukuta wote wa kando, adui hana pa kujibanza.

Sasa, stori ninayoipenda ni ya Yusuf bin Hasan. Babake, sultani wa Mombasa, aliuawa 1614 kwa njama ya Wareno. Kijana akapelekwa Goa, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, akasomeshwa na mapadri, kisha akarudishwa kutawala kwao. Wareno walidhani wamepata mtu wao. Wapi! Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, kapteni akauawa, ngome ikawa yake. Na siwezi kuipaka sukari: waliouawa mjini ni pamoja na wanawake na watoto, na Waafrika Wakristo pia. 1632 Wareno walikuja kuikomboa, wakashindwa. Yusuf akaibomoabomoa, akaingia baharini, hakutawala Mombasa tena.

Wareno walirudi, bila shaka. Juu ya lango kuna maandishi ya Kireno yaliyochongwa kwenye jiwe. Yanamsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa ngome 1635 akiwa na miaka 27 (umri wetu huo, bana), akaijenga upya, akabomoa kuta za Pate na Siyu, akaua wakubwa wa Pemba. Hiyo ndiyo sivii yake, na sisi ndio tunasimama chini yake tukitabasamu kwa kamera.

Mimi sisemi jiwe litolewe. Libaki. Ila ukienda, kabla hujatoa simu, mwambie anayekutembeza akutafsirie neno kwa neno. Halafu muulize kuhusu Yusuf.