J. M. Kariuki na Wilaya ya Nyandarua

Josiah Mwangi Kariuki (21 Machi 1929 – Machi 1975), ambaye Wakenya wengi walimwita JM tu, alikuwa mwanasiasa wa Kenya na mbunge wa Nyandarua Kaskazini. Alizaliwa katika Bonde la Ufa, na wazazi wake, watu wa Nyeri, walikuwa maskwota katika shamba la mlowezi: walilima kipande walichopewa na kukilipia kwa kazi ya mikono. Alisoma King's College Budo nchini Uganda. Mwaka 1953 alitiwa kizuizini kwa kuhusishwa na Mau Mau, uasi dhidi ya ukoloni wa Waingereza, akahamishwa kambi baada ya kambi hadi 1960, maisha aliyoyaeleza katika kitabu chake *Mau Mau Detainee*. Baadaye akawa katibu binafsi wa Jomo Kenyatta, akaingia Bungeni mwaka 1963, na alikuwa miongoni mwa viongozi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa katika miaka yake ya mwanzo. Aliwahi pia kuwa waziri mdogo.

Siasa zake hazieleweki bila kuijua Nyandarua. Eneo hili liko magharibi mwa safu ya Aberdare, kwenye nyanda za juu zinazoelekea Bonde la Ufa, na uwanda wa Kinangop una mwinuko wa takriban mita 2,400. Usiku wa baridi kali jalidi hushuka na kuunguza viazi vikiwa bado shambani, na mkulima huamka akakuta majani yamekuwa meusi. Udongo una rutuba, mvua si haba, na mazao yanayopenda baridi hustawi: viazi, kabeji, njegere, ngano, na malisho ya ng'ombe wa maziwa. Pareto ilikuwa zao la fedha la wengi wakati Kenya ilipoongoza duniani kwa zao hilo.

Hadi karibu na uhuru, sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa ya walowezi wa Kizungu pekee. Kuanzia 1962 serikali ilianza kuyanunua mashamba yao chini ya mpango wa ekari milioni moja, kwa fedha zilizotoka hasa Uingereza, pamoja na mkopo wa Benki ya Dunia, na kuyakata vipande vya kuwapa Waafrika. Nyandarua ikajaa skimu za makazi, wakaja waliokuwa maskwota, wasio na ardhi, na watu waliotoka kizuizini. Walipofika walikuta deni linawangoja. Kila familia ilipaswa kulipia kipande chake kwa miaka mingi, na kulipa pia mkopo wa ng'ombe na pembejeo. Walioshindwa kulipa walikuwa wengi, nao waliishi kwa hofu ya kufukuzwa. Waliopigania ardhi walitakiwa wainunue, na fedha zikaishia kwa wale waliokuwa wameikalia.

Uchungu huo ndio JM aliousemea. Alipinga wananchi kukopeshwa ili wainunue nchi yao wenyewe, akawashutumu viongozi waliojilimbikizia mashamba, akaonya kwamba Kenya inageuka kuwa nchi ya mamilionea kumi na maskini milioni kumi. Wapinzani wake walimkumbusha kwamba yeye mwenyewe alikuwa tajiri, mwenye mashamba na farasi wa mashindano. Ni kweli, na haifai kufichwa. Lakini utajiri wake haukuondoa ukweli wa aliyoyasema, na watu wa skimu walimpima kwa michango yake mikubwa ya harambee na kwa ujasiri wa kusema waziwazi yale waliyoyanong'ona wao. Katika uchaguzi wa 1974 alinyimwa vibali vya kufanya mikutano, na bado alishinda.

Tarehe 2 Machi 1975 alionekana akitoka Hoteli ya Hilton, Nairobi, pamoja na mkuu wa kikosi cha polisi cha GSU, Ben Gethi. Hakurudi nyumbani. Wakati uvumi ulipokuwa ukienezwa kwamba yuko Zambia, maiti yake ilikuwa imeokotwa katika milima ya Ngong, ikatambuliwa siku kadhaa baadaye katika chumba cha maiti Nairobi. Kamati ya Bunge chini ya Elijah Mwangale ilichunguza mauaji hayo na kutaka Gethi na wengine wachunguzwe zaidi. Bunge lilipoipokea ripoti hiyo, waziri Masinde Muliro aliiunga mkono, akafutwa kazi. Hakuna aliyehukumiwa hadi leo.

Nyandarua sasa ni kaunti, makao yake makuu yakiwa Ol Kalou, na ni miongoni mwa maeneo yanayoongoza nchini kwa viazi. Mashamba yaliyokatwa baada ya uhuru yamegawanywa tena miongoni mwa watoto na wajukuu, na mkulima hupambana na madalali wanaodai gunia la lumbesa, yaani lililojazwa kupita kiasi, ingawa kanuni za 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50. Kuhusu ulimbikizaji wa mashamba alioushutumu JM, Katiba ya 2010, katika kifungu cha 68, iliagiza Bunge litunge sheria ya kuweka kiwango cha chini na cha juu cha ardhi ya binafsi. Kiwango cha juu bado hakijawekwa.