KIJANA WA SHUMBA NA TIKETI YA BOTI: KWA NINI MCHONGO UKO NG'AMBO YA MAJI TU?

Wadau, kuna bwana mmoja mtandaoni, simtaji jina ila wengi wenu mnamfuata. Anapenda kupiga picha amekaa juu ya boneti ya gari. Wazee wake ni watu wa Pemba kaskazini, kwetu kabisa. Juzi kaandika kwamba vijana wa Micheweni hawajitumi, kazi yao baraza na bao, halafu wakiona mwenzao katoboa Dar wanaomba nauli. Watu wakacheka, wakagonga moyo, maisha yakaendelea.

Mimi nataka nimjibu kwa historia. Hili jambo la kijana wa Shumba kuomba nauli lina umri mkubwa kuliko yeye, kuliko mimi, na kuliko babu zetu sote wawili.

Kwa wasiopajua: Shumba ipo wilaya ya Micheweni, kaskazini mashariki ya kisiwa cha Pemba. Kuna Shumba Vyamboni na kuna Shumba Mjini. Usidanganyike na hilo neno Mjini, ukishuka hapo ukitafuta mgahawa wa baga utalala na njaa. Ni kijiji. Mji wenyewe, ule wenye ofisi, vyuo na kazi za kuvaa tai, uko Unguja. Katikati kuna bahari.

Lakini haikulazimika kuwa hivyo, na hapo ndipo utamu ulipo.

Tuanzie 1872. Mwaka huo kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja kikaiangusha mikarafuu. Pemba haikuumia hivyo. Kuanzia hapo kisiwa chetu kikawa ndiyo shamba kuu, na mpaka leo karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba. Waliochuma siku zile wengi wao walikuwa watumwa, mpaka sheria ya 1897 ilipoufuta utumwa. Waingereza walishafika 1890, na ushuru wa karafuu zinazosafirishwa nje ukawa nguzo ya mapato ya serikali yao. Sasa jiulize: mali inachumwa Pemba, inaanikwa Pemba, inachambuliwa makonyo Pemba, inatiwa kwenye magunia Pemba. Pesa inakwenda kukaa wapi? Mjini Unguja.

Skuli zikafuata pesa. Skuli ya sekondari ya Serikali ilifunguliwa mwaka 1935, na bila shaka umeshajua ilifunguliwa wapi. Mtoto wa Pemba aliyekuwa na akili za kufika huko ilibidi apande chombo, aache wazazi, akakae dakhalia au kwa jamaa. Wangapi waliweza? Kidole na kidole. Tusiwasingizie Wazungu peke yao pia. Wazee wengi wa mashamba hawakuwa na haraka na skuli za serikali, waliogopa mtoto atapotea dini. Kwao mtoto alikuwa na chuo tayari, chuo cha Kurani, na akitoka hapo kuna shamba na kuna pwani. Hesabu yao haikuwa ya kijinga. Ukimsomesha mtoto kisha kazi iko upande wa pili wa bahari, umempoteza mtoto na mchumaji kwa mpigo mmoja.

Halafu yakaja Mapinduzi, Januari 1964. Tarehe 23 Septemba mwaka ule ule Mzee Karume akatangaza elimu bila malipo. Hili watu wa rika letu tunalipita kama tangazo la redio, lakini ni kubwa mno. Mtoto wa mchumaji na mtoto wa mwenye shamba wakawa wanaingia mlango mmoja. Skuli zikaongezeka, na Pemba nayo ikapata sekondari zake. Fidel Castro, Utaani, Uweleni, majina haya kila nyumba ya Pemba ina mtu aliyepita hapo.

Ila kuna kitu hakikwenda sawa na skuli, nacho ni kazi. Miaka ya 1970 karafuu ilikuwa na bei nzuri sana duniani, lakini mnunuzi ni mmoja tu, Serikali kupitia shirika lake la ZSTC, na mkulima alipewa sehemu ndogo ya bei hiyo. Ndiyo miaka ambayo mjini maghorofa ya Michenzani yalikuwa yanapanda juu, na Zanzibar ikapata televisheni ya rangi mapema kuliko karibu nchi zote za Afrika. Mjini raha. Kwetu ukimaliza skuli ulikuwa unarudi kulipwa kwa pishi, kama alivyolipwa babu ambaye hakusoma kabisa.

Basi vijana wakajifungulia vyuo vyao wenyewe. Hapa ndipo mimi huvutiwa zaidi, kwa sababu hivi vyuo havina jengo wala mahafali.

Cha kwanza ni dago. Kama hujui dago, ni kambi ya wavuvi. Vijana wanaondoka na chombo kufuata upepo na samaki, wanapiga kambi Tanga, Mafia, pwani ya Kenya mpaka Kilifi. Kijana anaingia hajui kushona nyavu, anatoka nahodha. Wengine walikwenda dago wakaoa, wakazaa, wakabaki. Watoto na wajukuu wao wakazaliwa Kwale na Kilifi bila vitambulisho, na bila kitambulisho hufungui akaunti ya benki, husajili laini ya simu, hupati kazi ya maana. Ilichukua mpaka 2023 ndipo serikali ya Kenya chini ya Rais Ruto ikawatambua Wapemba kuwa moja ya makabila ya nchi ile. Fikiria hilo: vizazi viwili vitatu vinasubiri karatasi, kwa sababu tu babu alikwenda kutafuta riziki ambayo kisiwani haikuwepo.

Chuo cha pili ni duka. Huko bara watu wanasema "nenda kwa Mpemba ukachukue sukari" bila hata kujiuliza kwa nini kwa Mpemba. Jibu ni hili: kijana alikuwa anapelekwa kwa ami au mjomba Dar, Tanga au Mombasa. Analala dukani juu ya magunia, anafungua alfajiri, anafunga usiku. Mshahara mdogo au hakuna. Miaka inapita, mjomba akiridhika anamtolea bidhaa za kuanzia kwa mali kauli, auze ndipo alipe, naye anafungua kibanda chake mtaa wa pili. Hakuna aliyemuuliza cheti. Katikati ya miaka ya 1980 biashara ilipofunguliwa, wakati wa Mzee Mwinyi, na bidhaa za Dubai zikaanza kumiminika Unguja, waliokuwa tayari kudandia ile fursa ni hawa waliosomea juu ya magunia. Nina hakika duka la wazee wa yule bwana wa boneti lina hadithi ya namna hii, sema hadithi ya magunia haipendezi kwenye picha.

Dada zetu hawakuwa na mjomba wa kuwaita dukani. Wao chuo chao kilikuja na mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja 1989, kikafika Pemba, na wakulima wake wengi mno ni wanawake. Pwani zetu za Micheweni ukipita maji ya bamvua yakitoka utawaona wameinama na kamba na vigingi, wamo waliotoka skuli mwaka uleule. Kwa mara ya kwanza wengi wao walishika pesa yao wenyewe, wakanunua sare za wadogo zao, wakaezeka mabati. Lakini kwa miaka mingi bei ilikuwa ya shilingi mia kadhaa kwa kilo, na ule mwani wenye bei nzuri, kotonii, ndio unaokufa maji yakizidi joto. Waliochoka wakaanza kutazama Muscat na kazi za ndani. Sitaki kulifungua hilo leo, linataka makala yake.

Sasa siasa. Nitapita haraka maana mnajua nchi yetu. Baada ya uchaguzi wa 1995 na wa 2000, kuwa Mpemba unayetafuta kazi ya Serikali halikuwa jambo jepesi. Januari 2001 watu waliuawa kwenye maandamano, Micheweni ikiwemo, na Wapemba zaidi ya 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya, wengi wao vijana. Eneo huru la uchumi la Micheweni, lililotangazwa tangu miaka ya 1990 kwamba litaleta viwanda, likabaki vichaka na matumaini.

Mjini huku kukawa kunazidi kujaa mambo. Vyuo vikuu vikaanza mwishoni mwa miaka ya 90, Tunguu na Chukwani, kisha SUZA ikapokea wanafunzi 2001. Vyote Unguja. Hoteli Nungwi, Kiwengwa, Paje, zote Unguja. Kwa hiyo kila kidato cha nne na cha sita kinachomaliza Pemba, bandari inajaa mabegi.

Na bahari haijali umesoma au hujasoma. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikienda Pemba, imejaza watu kupita kiasi. Miili iliyopatikana ilizidi 200, na wasioonekana tena ni wengi zaidi ya hao. Mle ndani kulikuwa na watu waliokuwa wanarudi tu nyumbani kutoka mjini. Kwetu ukisema "2011" huna haja ya kuongeza neno. Kwa hiyo mtu akituambia tumekaa tunasubiri meli, ajue ile meli wengine waliipanda.

Sensa ya 2022 inasema Zanzibar ina watu 1,889,773. Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake una 893,169. Pemba nzima, mikoa miwili, ni 543,441. Hawa watu wa mjini hawakuota kwenye lami. Nendeni Jang'ombe, nendeni Mwanakwerekwe, ulizeni kila chumba cha kupanga mwenyewe katoka wapi.

Vitu vinasogea, nisiseme uongo. SUZA sasa ina kampasi Mchanga Mdogo. Tangu 2011 kuna bodi ya mikopo ya elimu ya juu Zanzibar. Mwaka huohuo bei ya karafuu kwa mkulima ilipandishwa sana, na kwa miaka kadhaa ikakaa kwenye shilingi 14,000 kwa kilo ya daraja la kwanza, ingawa ilizaa tatizo lake, maana madarasa yanapungua watoto kila msimu ukiiva. Makangale huko, wilaya yetu hiihii, kuna hoteli yenye chumba chini ya bahari ambacho wageni wanakitafuta kutoka pande zote za dunia. Na mafunzo ya amali, ambayo zamani Pemba ilikuwa na kituo kimoja cha Vitongoji, upande wa Chake, sasa yapo na Daya, Mtambwe. Umeme, ushoni, useremala, uchomaji vyuma.

Hilo la Daya ndilo ninalolifuatilia. Mtambwe si mbali kama Chake, na huna bahari ya kuvuka. Swali langu kwa wahusika ni moja: fundi umeme wa Shumba akishahitimu pale, waya wake wa kwanza atauvuta Micheweni, au na yeye tutamkuta bandarini Wete na begi lake?